Mwamba Chini ya Mstari Wangu wa Muhogo

Mpendwa mavyaa,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia tena, lakini siwezi kumwandikia mama wa mume wangu bila kumwamkia. Wewe mwenyewe ungenikumbusha.

Ninakuandikia kwa sababu ya mwamba. Unaukumbuka msimu wangu wa kwanza hapa shambani, nyuma ya Kilifi? Mimi binti wa wavuvi wa Ngomeni, niliyejua kupaa samaki tu, nikakudanganya kwamba kulima nakujua. Aibu ya bibi harusi ina mambo. Ukanipa mzigo wa miti ya muhogo na mstari wangu peke yangu, ukasema, "Ilaze kidogo, mwanangu, macho yaangalie juu." Macho gani, sikuthubutu kuuliza. Nikaipanda yote kichwa chini miguu juu.

Nayo ikachipua, ndiyo shida ya muhogo. Nilitembea na kiburi changu mpaka siku ya kuvuna. Wako ulitoka mnene, shina moja likijaza kikapu. Wangu ulikuwa mizizi myembamba kama vidole. Wifi akacheka, akauliza mstari ule ni wa nani. Hukuinua hata uso. "Pale chini pana mwamba," ukamjibu. "Tangu zamani hapatoi kitu." Nilimshukuru Mungu kwa mwamba ule.

Msimu uliofuata wewe ulikata kila kijiti mshazari upande wa chini, upande wa juu ukauacha butu. "Penye ncha paingie ardhini," ulisema. "Macho yangu yamezeeka, siku hizi vichipukizi sivioni." Nikakuonea huruma, wewe uliyekuwa ukitunga uzi kwenye sindano mara moja tu. Ujana nao una upofu wake.

Mvua za mwaka jana, za kwanza tangu tukuzike, nilikwenda na jembe kwenye mstari ule, ambao hatukuupanda tena, niung'oe mwamba. Nilichimba mpaka shimo likanifika magotini. Udongo mtupu, laini mpaka chini. Nikakaa palepale, nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiogopa utagundua uongo wangu, kumbe uliujua tangu siku ile, ukaufukia. Nilikupenda upya, mavyaa.

Mstari huohuo nilimpa mkazamwana wangu, msichana wa Mtwapa aliyeolewa na mjukuu wako. Mpenzi wa kisamvu huyo. Kila wiki alichuma majani mpaka kileleni, shina likabaki uchi. Nilimwambia kwamba muhogo usio na majani haunenepeshi mizizi.

"Mama, kwetu ndivyo tunavyofanya," akanijibu.

Kwao kisamvu hununuliwa sokoni. Lakini nani mimi wa kumcheka?

Jana tumevuna. Vidole vilevile. Mjukuu wako akaanza kutabasamu, akauliza, "Mama, huu mstari wa mke wangu una nini?" Binti wa watu alikuwa ameshaangalia chini, ameshika kikapu kitupu kwa mikono miwili.

Sikuinua uso. "Pale chini pana mwamba," nikasema.

Kesho nitampandia mstari wa mboga karibu na jiko, achume majani atakavyo, na ule wa mizizi upumue.

Pumzika, mavyaa wangu. Mwamba wako nimeurudisha mahali pake.

Mkazamwanao