Mkeo Amenawiri

Mwanangu kipenzi,

Huku kwema, tulia na kazi yako. Mkeo na mimba yake amenawiri! Uso umejaa, miguu imefura, hata pete yako haitoki kidoleni. Majirani wanasema mama mkwe anajua kulisha.

Ila anadeka, mwanangu. Tangu jana analia kichwa, eti anaona vimulimuli ukutani mchana kweupe. Asubuhi mkunga wa zahanati alipita, akampima presha, akaja juu: "Mama, huu si unene wa shibe! Apelekwe hospitali sasa hivi!" Nikamwambia mimi nimezaa sita bila kupimwa, na mwenye kuamua ni mumewe. Akasonya, akaenda kutafuta gari. Akirudi atakuta nimetia komeo.

Baadaye mkeo alitetemeka mwili mzima, kitanda kikawa kinagonga ukuta. Baridi hiyo, nikamfunika blanketi. Sasa ametulia, anakoroma kwa nguvu, yeye ambaye hajawahi kukoroma. Nikimwita haitiki, usingizi umemnogea. Nimemwacha apumzike.

Ukiridhia apelekwe, nijibu. Posta siku hizi haichelewi sana.

Ni mimi mama yako, ninayekutunzia.