Mwendo wa Baba

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Korogwe mjini na Baba, kutwa kwenye benchi. Daktari kaeleza kitu ambacho miaka yote hii hatujaelezwa. Mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni ni seli moja ndefu, kutoka mgongoni hadi vidoleni. Mahitaji yake yanatengenezwa juu, halafu wachukuzi wadogo mno wanayashusha. Wachukuzi wa Baba wana hitilafu ya kuzaliwa nayo. Mizigo inarundikana njiani, huko chini njaa. Ndiyo maana miguu imetangulia — safari yake ni ndefu. Dawa ya kuponya hakuna. Na sisi watoto wake, mimi na Sabiri, kila mmoja uwezekano wa kuirithi ni nusu kwa nusu.

Nikarudi Masuguru, nikamweleza shangazi Tatu taratibu, kwa mfano wa fuso la machungwa lililonasa kwenye tope. Kasikiliza mpaka mwisho. Kisha kauliza: sasa nani kaifunga hiyo njia?

Nilitamani kulia.

Alhamisi, 8 Agosti

Shangazi kaleta mganga. Kamchanja Baba magoti yote mawili. Baba kasema asante! Nimemfuta damu tu. Nimechoka kuitwa msomi.

Sabiri nimemwambia: mdogo wangu, mguu unauburuta, kapime kabla ya harusi, au walau mwambie Hafsa. Kasema ni viatu. Wiki iliyopita kisingizio kilikuwa mpira. Na leo yuko peku! Eti nikimwambia mchumba wake, mimi si dada yake tena.

Hafsa anapiga simu kila jioni kumjulia hali Baba. Binti wa watu. Naona aibu kupokea.

Nami nikivaa ndala natazama vidole vyangu.

Jumapili, 18 Agosti

Baba kaanguka uani. Sasa kifua. Hapumui vizuri.

Jumanne, 20 Agosti

Inna lillahi. Baba wangu.

Jumatano, 21 Agosti

Tumemzika kwao Mazingara, baada ya adhuhuri.

Semboja, mtani wetu Mshambaa kutoka Kerenge, ana haki yake msibani na kaitumia yote. Kavaa kofia ya Baba, kashika fimbo ya Baba, kavuka uwanja kwa mwendo wa Baba: magoti yanagongana, vidole vinakwangua chini. "Israili, nisubiri, Mzigua hakimbizwi." Watu hoi. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Hafsa, pembeni yangu mkekani, alicheka pia.

Hapo Sabiri akatokea jikoni na ndoo mbili za maji. Akavuka uwanja ule ule. Magoti yanagongana, vidole vinakwangua. Kicheko kikalipuka upya — mwana naye kaingia kwenye utani! Wakampigia makofi.

Akasimama katikati. Hakuelewa wanacheka nini. Halafu akaelewa.

Semboja alikuwa karibu naye kuliko sote. Akavua kofia ya Baba.

Nimejifungia chumbani, naandika ili mkono ufanye kitu. Hafsa yuko mlangoni. Halii. Anauliza kwa mara ya pili: "Dada Faudhia, Sabiri alikuwa anaigiza?"

Nje namsikia Sabiri, sauti juu, anawaambia ndiyo, alikuwa anaigiza, wakae vizuri awaoneshe tena.

Wanapiga makofi. Hafsa bado anagonga —