Waliokufa Bila Picha

Jumatatu, 2 Juni

Masikio ya marehemu wa Tunduma yamenishinda. Nimeyafuta mara tatu. Kwenye picha aliyotuma mkewe, sikio moja limekatwa na la pili limefichwa na kofia, na kofia yenyewe mke haitaki. Anataka pia mume apunguzwe mwili kidogo, avae na tai. Marehemu alikuwa fundi magari. Tai imetoka wapi, sijui. Haya, nitamvalisha.

Ukungu umekaa hapa Ilomba tangu asubuhi. Mwanga wa dirishani hautoshi. Vidole ganzi. Nachora nimevaa soksi mikononi, nimezikata ncha.

Simu kimya. Mwaka juzi tu WhatsApp ilikuwa inalia mpaka naizima. Siku hizi watu wanapeleka picha ya mtu wao steshenari ya pale kona, kompyuta inamvalisha suti, inampaka rangi, dakika tano wanaondoka naye. Marehemu wote wana ngozi ya vichanga. Mimi na penseli yangu, wiki nzima. Nani anisubiri.

Alhamisi, 5 Juni

Kuna msichana ana ukurasa wa kutangaza kazi za mikono za huku kwetu Nyanda za Juu. Kanitumia maswali. La nne: nini kinakupa msukumo wa kuchora? Nikaandika eti navutiwa na uzuri wa watu wetu na milima ya Mbeya. Akajibu kwa vimoyo vyekundu. Uongo mtupu. Mlima sijawahi kuuchora hata siku moja.

Humu naweza kusema. Mama alikufa nina miaka sita. Alikuwa mchuma chai kule Rungwe. Picha yake ilikuwa moja tu, ndogo, imebandikwa kwenye kitambulisho cha kazi. Baba akaificha sandukuni. Nikiwa darasa la tano tulifungua sanduku tukakuta mchwa na vumbi.

Ndipo nilipoanza kuchora. Mwalimu, mchungaji, jirani, kila mtu. Mama peke yake sijamgusa. Zaidi ya miaka thelathini sasa. Naogopa. Nikimchora vibaya, ule uso mbaya ndio utakaobaki kichwani, na wa kweli utatoka. Kidogo nilicho nacho nakilinda.

Msukumo ndio huo. Nani ataubandikia vimoyo?

Jumatatu, 9 Juni

Kazi imekuja. Iringa. Mwalimu Angelina, ameniona kwenye ukurasa wangu. Mama yake alifariki yeye hajaanza shule. Hakuacha picha. Familia imejengea kaburi, padri atakuja kulibariki Jumamosi ya tarehe 21, na baba yao mzee anataka sura ya mke wake iwepo siku hiyo. Wametuma jumbe za sauti kumi na moja, yeye na ndugu zake wanne. Nimezisikiliza zote. Kaka mkubwa anasema pua fupi. Dada anasema ndefu. Mwingine anasema mama alikuwa mweupe, mwingine anamkatalia hapo hapo, nawasikia wakigombana.

Kazi za namna hii nimezifanya nyingi. Wasio na picha kabisa, au wenye kapicha kalikochujuka hata jicho halionekani. Unasikiliza, unaomba picha za watoto na wajukuu, unaokoteza. Ukurasani watu wanazipenda kuliko zote. Wanasema nina kipaji cha kufufua.

Jumatano, 11 Juni

Kumbe kabla yangu walijaribu kompyuta. Kaka mkubwa aliandika maelezo kwenye simu, simu ikamletea mwanamke ana hereni na meno kama tangazo la dawa ya mswaki. Mzee alicheka. Halafu akakataa chakula siku nzima. Angelina ananisimulia kwa sauti ya chini, nadhani mzee alikuwa chumba cha pili.

Nimeogopa kazi yenyewe. Ila nimekubali. Mwezi huu sina mteja mwingine baada ya yule wa Tunduma. Tena nataka kumshinda yule wa hereni, nisijidanganye.

Jumamosi, 14 Juni

Amekuja. Sijui niandike vipi. Nilianza jana asubuhi kwenye ile karatasi nene ambayo shemeji huniletea kutoka kiwanda cha karatasi cha Mgololo, nikidhani nitahangaika siku nne. Mkono ukatangulia. Sikufuta kitu. Paji, macho, mdomo uliobanwa upande mmoja kama mtu anayezuia kicheko. Leo saa nane mchana amemalizika, ananitazama. Nimelia. Nikajiona mjinga, nikaenda kuanika nguo, nikarudi, nikalia tena.

Nilimpiga picha nikamtumia Angelina. Wakapiga simu wote watano kwa pamoja. Ni mama. Ni yeye. Wanataka niipeleke mwenyewe, nikale nao siku ya kaburi.

Leo nina furaha. Naiandika kwa sababu hainijii mara kwa mara.

Ijumaa, 20 Juni

Iringa. Basi la asubuhi kutoka Uyole, picha mapajani njia nzima, nimeikatalia isiende kwenye buti. Angelina kanipokea stendi. Kijiji chao kiko njia ya Tosamaganga. Ndugu wamejaa, masufuria makubwa, maturubai. Kamwene, kamwene, nimesalimiana mpaka mkono umechoka. Baba yao, Mzee Kalinga, alikuwa amelala. Kesho, wakasema. Ataiona kesho kabla ya padri.

Nimepewa kitanda kizuri. Wananiheshimu kama daktari.

Jumamosi, 21 Juni

Walimkalisha mzee karibu na dirisha. Suti ya kahawia, fimbo. Kaka mkubwa akafunua kitambaa. Mzee akaishika picha kwa mikono miwili, akaigeuza ipate mwanga. Akaitazama. Watoto wake wote wamesimama, wengine simu juu wanarekodi.

Akasema, "Huyu si mama yenu."

Wakacheka kidogo. Wakaanza kumwonyesha, baba ona mdomo, baba ona macho. Kaka mkubwa akaninong'oneza kwamba umri umekwenda, anasahau. Mzee akasikia. Akasema mke wake alikuwa na kovu la moto hapa, chini ya taya, alilipata jikoni mwaka walipooana, na hakuna kati yao aliyelitaja. Dada mkubwa akakaa chini. Sidhani kama alilikumbuka. Nadhani aliona tu kwamba halikumbuki.

Kisha mzee akanigeukia. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwanangu, huyu hujamtunga. Huyu ni mtu wa watu. Mrudishe kwao."

Kaburi limebarikiwa bila picha. Watoto walitaka kuiweka hivyo hivyo, mzee akakataa. Nilikula wali wao nimeinamia sahani. Angelina kanisindikiza hadi barabarani.

Nilijua kabla sijapanda basi. Nilijua ni nani.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kanisani. Nimekaa na simu, nikaufungua ukurasa wangu mwenyewe tangu mwanzo, nikawaangalia wale wote niliowachora bila picha. Bibi wa Chunya. Mama wa Vwawa. Shangazi wa Makambako. Yule dada wa Kyela aliyezama. Hata babu mmoja wa Mafinga.

Mdomo ni mmoja. Umebanwa upande mmoja. Macho ni yale yale. Nimekuza, nimepunguza, nimefunika sehemu kwa kidole. Ni yule yule.

Miaka yote hii nadhani namlinda mama, kumbe namgawa. Kila aliyekuja na maelezo nusu nusu nilimkatia kipande. Wamemtundika sebuleni. Wanamwashia mishumaa. Wanamwita kwa majina ya watu wao, na mama zao wa kweli wanafutika vichwani, wanabaki na wangu. Yale niliyoyaogopa yasinipate mimi, nimewafanyia wengine, tena nikapongezwa.

Nimejichukia leo. Sina neno jingine.

Jumatatu, 23 Juni

Kuna wazo lingine limeniamsha. Kama ni uso mmoja kila mara, basi ndio wake. Mkono ulikumbuka, mimi ndiye sikujua. Maana yake ninaye. Yuko hapa mezani, amekamilika, ananitazama.

Anayeweza kuniambia ni mmoja tu. Dada Tusekile, yuko Uyole, anauza viazi sokoni. Mama anakufa yeye ana miaka kumi na moja. Alimuosha uso mama siku za mwisho. Baba hayupo tena. Mashangazi hawapo. Amebaki yeye.

Nitakwenda.

Jumanne, 24 Juni

Sikwenda.

Alhamisi, 26 Juni

Wateja wawili wameulizia kazi. Nimewajibu naumwa.

Yule mama wa Vwawa pia kaandika. Sio malalamiko. Anashukuru. Anasema kila asubuhi kabla ya kwenda shamba anaketi mbele ya picha ya mama yake niliyomchorea, anamweleza mambo yake, na siku inakuwa nyepesi. Anasema Mungu anibariki mikono.

Nilitaka kumwandikia ukweli. Nimeandika, nimefuta. Nimwambie nini? Mama yako nilimla, huyo ni wangu? Anaongea na mama yangu kila asubuhi. Mimi sijawahi.

Nimezima simu. Baridi kali. Sijala.

Jumamosi, 28 Juni

Nimekwenda Uyole.

Dada alikuwa uani kwake anachagua viazi, vya mbegu huku, vya kuuza kule. Nikamwambia nimeleta kitu akione. Hakuniuliza. Akanawa mikono, akaifuta kwa khanga, akakaa. Nikafunua.

Alitazama muda mrefu sana. Mimi namtazama yeye. Nilikuwa nasubiri alie, au akunje uso aseme hapana, Atu, siye. Lolote kati ya hayo ningelibeba. Nilijiandaa kwa yote mawili tangu Jumatatu.

Akasema, "Sijui."

Nikadhani hajaona vizuri. Nikaisogeza kwenye mwanga. Akaniwekea mkono juu ya mkono.

"Sijui, Atu. Sura yake ilinitoka zamani. Nilikuwa nakusubiri wewe mchoraji."

Nilimkasirikia. Sitaficha, nilimkasirikia dada yangu. Nikamwambia alikuwa mkubwa, alimuosha uso, anawezaje. Akasema anakumbuka kitambaa. Kilikuwa cha bluu. Anakumbuka maji yalikuwa ya moto akaogopa kumuunguza. Anakumbuka mikono, sauti ya kukohoa, harufu ya chai kwenye nguo. Uso hapana. Alikuwa hasemi kwa sababu aliona aibu. Kila mara mimi nikisema namlinda mama kichwani, yeye alikuwa anashukuru moyoni kwamba angalau mmoja wetu anaye.

Basi hakuna. Duniani hakuna mtu hata mmoja anayeweza kusema ni yeye au siye. Mzee Kalinga ana bahati. Yeye aliweza kukataa.

Dada akanikataza kurudi Ilomba. Nimelala kwake. Naandika haya kitandani kwa watoto.

Jumapili, 29 Juni

Nimeamka nimekuta ameshaitundika. Ukutani sebuleni, juu ya kabati la vyombo, kwenye msumari uliokuwa wa kalenda. Hakuniuliza. Alikuwa anapuliza mkaa nje, anachemsha chai ya watoto.

Nikasimama mlangoni. Kwa mbali nilitaka kuishusha. Mkono haukuinuka.

Dada akaingia na birika. Akaangalia ukuta, akaniangalia mimi. Akasema, "Basi na awe huyu." Kisha akaenda kutafuta vikombe.

Watoto wakatoka chumbani na nguo za kanisani. Yule mdogo, Ipyana, akaiona kwanza. Akauliza ni nani. Dada akajibu huku anamimina, hata hakusita, kwamba ni bibi yao, mama yetu sisi. Watoto wakasogea. Wakaangalia kwa makini, wanavyoangalia mgeni. Mkubwa akasema ana mdomo kama anataka kucheka.

Halafu wote wakanigeukia. Sijui kwa nini mimi.

"Mama mdogo, ni yeye kweli?"

Nikasema ndiyo. Nikawaambia anaitwa Subilaga.