Kwa Byamungu, Aliyelea Seli za Uvimbe

Mwaka umetimia, Byamungu, tangu pikipiki ikuangushe njiani ukitoka Mbarara kuja kwetu Rubondo. Nyumba yako ina ukimya ambao bado hatujauzoea.

Tunakumbuka ulivyonawa mikono hadi viwiko kabla ya kula, chakula kikipoa, na mama akikutania kwamba unajiandaa kumpasua mtu. Jumapili ulitoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho ili uwahi gari la Mbarara, ukazilishe seli zako maabarani. "Zile hazijuake Jumapili," ulisema.

Zilikuwa seli za uvimbe wa neva, saratani inayoshika watoto wadogo. Ulikuwa umeanza kuzichunguza kabla mwanao Ulrich hajaugua ugonjwa huohuo. Tumbo lake lilivimba, macho yakazungukwa na weusi hata majirani wakadhani anapigwa. Uliwaeleza mmoja mmoja, bila kukasirika.

Sisi nasi ulitueleza, jikoni, tukichambua maharagwe. Ujumbe ukifika kwenye ngozi ya seli, ndani huachiliwa fosfati za inositoli, kemikali zinazoupeleka mbele. Hizo hufungua ghala la kalsiamu, na kalsiamu ikimwagika seli hupata amri. Wewe ulitafuta amri inayozifanya seli hizo zisiache kukua. Mama kusikia hivyo, akamnyima Ulrich maziwa na dagaa, ndagala zetu.

"Kama ni kalsiamu inazituma, mutoto hataikula tena," alisema.

"Mama, ile kalsiamu iko mu seli yenyewe, haitokake mu sahani. Mupe mutoto ndagala."

Ulicheka, kisha ukatuambia ukweli ambao hakuna aliyeuomba: kazi yako haitamfikia Ulrich kwa wakati. Labda itamfaa mtoto wa mwingine, baadaye sana. Kesho yake ulirudi kazini vilevile. Kwa hilo tunakuheshimu kuliko yote.

Jumamosi tulikusanyika kutosha matanga yako, kumaliza kilio, nguo za msiba zivuliwe kama ilivyo desturi. Mkeo Liliane alikataa kuvua nyeusi.

"Ya Byamungu imeisha," alisema. "Ya Ulrich bado."

Ndiyo, Byamungu. Alikufuata miezi michache baadaye, mikononi mwa mama yake. Mwenzako wa maabara, Zubairi, alikuja kumzika. Alituambia seli ulizozilea zingali hai na zinaongezeka, na yeye ndiye anayezilisha sasa. Liliane alitoka nje asisikie zaidi.

Tuna jambo moja la kukuomba. Ulrich alipokuulizia, tulimjibu, "Papa iko ku kazi, Mbarara." Aliamini hivyo hadi mwisho, akawa anatukataza kufunga mlango mapema. Hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia kwamba umekufa. Ukimwona, mwambie wewe.

Mama yako Apolline, mkeo Liliane, dada yako Gisèle na mdogo wako Pacifique tunakukumbuka. Hatutawasahau kamwe, wewe wala yeye.