Wanataka Kunipaka Ugoro Kwenye Fizi

Mshauri Bernadeta, shikamoo. Naitwa Apolinaria, mkulima wa tumbaku hapa Urambo, na nakuandikia nimefura kwa hasira na kwa maumivu, maana fizi zangu zilianza ghafla kuuma kama zimemwagiwa maji ya moto, nikizigusa tu ni damu, vinyama vya katikati ya meno vimelika na vimefunikwa utando wa kijivu, homa inanipanda, tezi za chini ya taya zimevimba, mdomo unanuka hadi mume wangu Mathias ananigeuzia mgongo, na mama mkwe ameshawatangazia majirani kwamba nina “ule ugonjwa”. Jumapili mwalimu wa kwaya akaniambia mbele ya wenzangu, “Dada, kaa pembeni kwanza.” Nikamjibu, “Anayekerwa akae yeye,” nikaimba misa nzima huku nameza damu. Sasa mama mkwe ameleta ugoro uliochanganywa na magadi, anataka nipakwe kwenye fizi, nikikataa nirudi kwetu Kaliua. Nimekataa. Sipakwi na siendi. Lakini Mathias anasema nina kiburi, nimemvunjia mama yake heshima. Je, nimekosea?

Apolinaria, Urambo

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Hujakosea hata kidogo. Ugoro na magadi vingekuunguza zaidi. Ila nina ugomvi na wewe: umepigana na mama mkwe, mume na kwaya nzima, halafu fizi zenyewe umeziacha zioze! Kukataa dawa mbaya bila kutafuta iliyo nzuri ni ushindi gani huo?

Nilimsomea daktari wa meno barua yako. Akasema hayo yanafanana na maambukizi makali ya fizi, yanatibika, ila hayasubiri. Ndiyo maana sikungoja gazeti litoke, nikakupigia simu. Akapokea mama mkwe.

“Huyo ana kiburi,” akaniambia.

“Mama mwenzangu,” nikamjibu, “kiburi hakitoi mtu damu kwenye fizi. Nipe mwenyewe niongee naye.”

Nikakwambia uende kliniki ya meno na Mathias akusindikize. Mkaenda. Daktari akakusafisha fizi taratibu, akakuandikia dawa ya kuua vijidudu na ya maumivu, na Mathias akasikia kwa masikio yake kwamba uchovu, lishe duni na matumizi ya tumbaku huweza kuchochea maradhi haya. Kinga ikishuka pia huja, kwa hiyo ukapimwa VVU. Umefanya vizuri. Majibu ni yako. Mimi sikukuuliza, na yeyote atakayekuuliza huna deni naye.

Jana uliniambia maumivu yamepungua na unataka kuacha vidonge. Thubutu! Maliza dozi yote. Usiguse pombe hadi daktari akuruhusu, na kama una mimba mwambie leo. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, piga mswaki laini hata kama panauma, kisha urudi kliniki siku uliyopangiwa, maana usafishaji haujaisha.

Na hili lishike. Uvimbe ukishuka shingoni, mdomo ukagoma kufunguka, au ukashindwa kumeza mate au kupumua vizuri, kimbia hospitali saa hiyohiyo. Usimsubiri Mathias atoke shambani, na usimwombe mtu ruhusa.