Usiilishe Printa ya Ofisini Wino wa Keki

Karakanani, nyuma ya duka la viatu,
Jumatatu, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu Kijiko,

Shikamoo yako imefika, nami nimeijibu kwa sauti hapa karakanani nikiwa peke yangu: marahaba! U hali gani huko uliko? Mumeo hajambo? Na lile jino limeshang'olewa au bado unalibembeleza? Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu unalalamika nikikaa sana, lakini huo ni mgongo wa fundi, ukinyamaza ndipo nitakapoogopa.

Nimefurahi kusikia kwamba keki zako za Jumamosi zimepata wateja. Tangu ukiwa mdogo unalamba bakuli la unga mpaka tukakupa hilo jina, nilijua utaishia jikoni. Mke wangu naye amefurahi. Anasema sasa ukoo una waokaji wawili, na mimi nijichunge na tumbo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema ofisini kwenu wanataka kuitupa printa moja, bado nzima, nawe umeiomba uioshe, uitie wino wa chakula, uanze kuchapa picha za kuweka juu ya keki. Umeniuliza ni dawa gani ya kuoshea, na uoshe mara ngapi. Tena, mtundu wewe, ukanikumbusha maneno yangu mwenyewe: "Mjomba, si wewe uliyenifundisha kwamba hakuna printa isiyooshika?" Ni mimi. Sikatai.

Jibu langu ni hapana. Usiioshe, usiitie wino, iache huko huko ofisini. Sababu ninayo, na inanihusu mimi mwenyewe. Ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa kicheko kabla sijafika panapouma.

Mama yako bila shaka amekusimulia kwamba nilimvunjia bibi yako heshima siku alipotimiza miaka themanini. Amekusimulia nusu, maana hata yeye hakujua yote.

Iko hivi. Mwezi mmoja kabla ya sherehe niliokota printa kama hiyo yako, imeachwa na ofisi ya mawakili iliyokuwa inahama. Nikaiosha siku tatu. Maji ya vuguvugu, spiriti, bomba la sindano, mpaka maji yakawa yanatoka meupe kabisa. Nikaitia wino wa chakula, nikachapa kurasa kumi za majaribio, zote safi. Nikamwita mke wangu aje aone. Akaniuliza swali moja tu: "Una hakika?" Nikamjibu kwa maringo kwamba hii ni kazi yangu ya miaka ishirini na sita, asinifundishe printa nami simfundishi unga. Akarudi kwenye unga wake. Laiti angenibishia kidogo!

Asubuhi ya sherehe nikachapa uso wa Mama kwenye karatasi ya sukari, ile nyembamba inayolazwa juu ya krimu na kuliwa pamoja na keki. Ulitoka vizuri ajabu. Hata ile alama yake ndogo nyeusi kando ya mdomo ilionekana. Mke wangu akaulaza juu ya tabaka la juu, akaibeba keki kwenda nayo kwa mama yako, kwenye sherehe. Mimi nikabaki nyuma kuchapa maua madogo ya kupambia sahani ya vikeki vya watoto.

Kwenye ukurasa wa tatu wa maua nikaona mstari mweusi pembeni, mwembamba kama unywele. Nikakata kipande, nikakitumbukiza kwenye glasi ya maji. Wino wa chakula huyeyuka pale pale, nawe unajua. Maua yaliyeyuka. Mstari ule haukuyeyuka, ulibaki unaelea, mweusi vile vile.

Nikaifungua printa. Kile kichwa kinachonyunyiza wino kina mahali pake pa kupumzika kikimaliza kazi, nacho hukalia kisponji. Kwa juu kilikuwa cheupe kama nilivyokiosha. Nikakigeuza. Chini kilikuwa cheusi tii, kimelowa, kimejaa wino wa mawakili wa miaka yote. Kila kichwa kilipokaa pale kupumzika, kilikuwa kinaoga upya. Mimi niliosha uso wa sponji, tumbo lake sikulifikia.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Niliketi. Picha ya Mama ilikuwa imetoka safi, hakuna aliyeona kitu, na hakuna aliyejua ila mimi. Nikajiambia kwamba kidogo vile hakimdhuru mtu. Huenda ni kweli, sijui. Hilo "sijui" ndilo lililoninyanyua kitini, maana waliokuwa wanaingoja ile keki wengi wao walikuwa watoto. Nikapiga simu, hakuna aliyepokea, muziki ulikuwa juu. Nikakimbia, Kijiko. Mimi na tumbo langu hili, mtaa mzima, na aproni ya kazi kiunoni.

Nilipoingia sebuleni walikuwa wanaimba. Mama amesimama kwenye meza, kisu mkononi. Nikapiga kelele: "Msikate!" Wimbo ukakatika. Mama yako akanikodolea macho, akasema, "Kaka, umelogwa?" Nikasema mbele ya wote, majirani na wakwe, kwamba printa sikuiosha sawasawa, wino wa ofisini umo ndani, na picha ile hailiwi. Baba yako, kwa upole wake, akauliza kama haiwezi kubanduliwa tu. Haibanduki. Karatasi ya sukari ikishashikana na krimu, vimekuwa kitu kimoja.

Nikakichukua kisu mkononi mwa Mama, nikakwangua. Nilianzia kwenye paji la uso. Mimi namkwangua mama yangu mzazi kwa kisu cha keki, naye amesimama ananitazama mpaka nikamaliza. Kisha nikaona hata hilo halitoshi, nikalitupa tabaka lote la juu. Likabaki la chini, lina upara. Mama aliomba kiti, akaketi, akala kipande chake.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Siku tisa Mama hakupokea simu zangu. Jirani mmoja aliyekuwepo amehamishia printa zake kwa fundi mwingine, na simlaumu. Mke wangu hakuniambia "nilikuuliza," ingawa alikuwa na haki ya kuniambia asubuhi, mchana na jioni. Kwa hiyo leo sitakuimbia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, maana safari hii aliyevunjika guu ni mkuu mwenyewe.

Haya, tuje kwenye kuchagua, kwa sababu printa unaihitaji na kazi hiyo unaiweza.

Nunua mpya. Mpya ya kutoka kwenye boksi, wewe mwenyewe ukate utepe, isiwe imewahi kuonja wino mwingine hata siku moja. Ukifika nayo nyumbani iandike ubavuni CHAKULA TU, kwa herufi kubwa, na mumeo akitaka kuchapa barua zake za kazi umfukuze na mwiko.

Tazama karatasi inapoingilia. Chukua ile ambayo karatasi inasimamishwa nyuma, kwa juu, inateremka moja kwa moja. Zile zinazoimeza kwa chini kisha kuizungusha nyuma ya rola zitakuvunjia karatasi za sukari, nawe utabaki unaunganisha nyuso za watu vipande vipande. Za leza usiziguse kabisa, zile zinachoma kwa joto.

Umeniandikia kwamba mwenzako kazini anakusifia yenye matangi makubwa ya wino. Ni nzuri kwa mwenye duka anayechapa kila siku. Wewe unaoka Jumamosi. Wino wa chakula una sukari ndani yake, ukikaa sana unaganda, na tangi zima litakuharibikia. Chukua ya katriji ndogo, vile vikopo vya wino vya kubadilisha, na hakikisha kichwa chake kinatoka kwa mkono bila bisibisi, ili kikiziba ukioshe mwenyewe bila kunililia. Hata kama huna oda, chapa ukurasa mmoja wa rangi zote kila baada ya siku mbili tatu. Printa ya keki haipendi kusahauliwa.

Jambo jingine, na hili wauzaji hawatakwambia. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji akuchapie picha ya mtu. Yeye atakuletea picha ya maua. Ikatae, maua yanaipendeza kila printa. Mpe picha ya mama yako akiwa kwenye lile gauni lake la njano. Wino mbaya unawageuza weusi wenzetu kuwa kijani, au unawapaka wekundu wa nyanya. Mama yako akitoka kama mama yako, lipa. Akitoka kijani, ondoka, na picha hiyo usinitumie maana nitacheka mpaka nikose adabu kwa dada yangu.

Ndiyo, ni ghali kuliko ya bure. Najua. Nami ningependa kukuandikia habari nyingine.

Sasa kuna hili la shule ya chekechea. Mama yako ameniambia una oda ya mahafali mwisho wa mwezi huu, watoto arobaini, kila mmoja na picha yake kwenye kikeki chake. Ndiyo sababu nina haraka. Kama mpya haitakuwa imefika, waandikie majina yao kwa krimu, kwa mkono wako. Mwandiko wako ni mbaya, tunaujua sote, lakini haujawahi kumuumiza mtu tumbo. Mwalimu wao akilalamika, mwambie ukweli kama ulivyo. Mteja atanuna, atapoa.

Na ukiwa umeshaitia wino hiyo ya ofisini, nipigie simu siku hiyo hiyo utakayopata barua hii. Usipopiga, nitaitafuta namba ya hiyo shule mimi mwenyewe na nitawaambia wasile. Nasema kweli, sikutishi. Utaninunia mwaka mzima. Ninunie, mpwa wangu, nimeshajifunza kununiwa.

Mke wangu anakusalimu sana. Anasema karatasi za sukari uzihifadhi kwenye mfuko usiopitisha hewa, mbali na dirisha, na utoe moja moja. Mama yako na baba yako ni wazima, wanauliza mnakuja lini. Mdogo wako wa kiume amepata kazi kwenye kiwanda cha magodoro, sasa anasinzia kwa ujuzi. Nisalimie mumeo, na yule rafiki yako mshonaji aliyenitumia suruali isiyonitosha.

Bibi yako siku ya kumi alinipigia mwenyewe, akaniuliza kama nimekula. Keki hakuitaja, wala mimi. Jana nilikwenda kumtazama, nikamsomea barua yako yote, kisha nikamuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema niandike hivi hivi, nisiongeze langu:

"Mwambie iliniuma, uso wangu kukwanguliwa mbele za watu. Nikalala na uchungu. Asubuhi nikawapigia simu watoto wote waliokula ile keki, mmoja mmoja, na kila mmoja aliitika, mzima. Basi. Achague."

Mungu akulinde, wewe na mikono yako na wote watakaokula kutoka mikononi mwako.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata ukiwa umeninunia,

Fundi Bisibisi