Jenereta Uani kwa Mkwe

Jumanne, 2 Septemba
Saa kumi na mbili na nusu. Nimetia kijiti kwenye tangi la jenereta, kama kila asubuhi. Nusu. Nimewasha. Imekohoa, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Taa ya gari ninamolala ikawa inapepesa pamoja nayo. Sijaipenda sauti hii.

Siku ya tisa uani kwa binti yangu Achieng, hapa Ahero. Alijifungua kwa upasuaji. Kidonda bado kibichi, na mtoto ana pupa ya kunyonya ajabu. Mila yetu hairuhusu mama mkwe kulala nyumba ya mkwe wake, kwa hiyo nalala kwenye gari la marehemu mume wangu, lile lenye kitanda na jiko ndani. Mchana naingia kumhudumia Achieng. Nyumba yao ina sola ya taa na simu tu. Mashine yangu ya pumu inataka jenereta. Jenereta ikifa, narudi kwangu Migosi, na Achieng anabaki peke yake na kidonda chake. Ni hivyo tu.

Jumatano, 3 Septemba
Kabureta chafu. Nilijua. Nimefunga mafuta, nikafungua kibakuli chake. Chini, uchafu wa kahawia. Kitundu cha mafuta nimekizibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, alivyonifundisha Baba Achieng. Nilikuwa fundi wa maabara ya shule kule Maseno miaka mingi. Sitashindwa na kitundu.

Inanguruma vizuri. Nimejisifu peke yangu. Mtoto amenitapikia begani. Raha tupu.

Alhamisi, 4 Septemba
Imerudi kulekule. Kupanda, kushuka, kuzima. Nimefungua tena: uchafu uleule. Mafuta siyashuku, nilinunua mwenyewe kituoni Kisumu, kwa dumu langu mwenyewe.

Jambo la ajabu. Kijiti kinasema tangi lina mafuta mengi kuliko jana. Nimepima mara mbili. Ama kijiti kimechanganyikiwa, ama mimi.

Ijumaa, 5 Septemba
Siku mbaya. Majirani walikuwa wanapeta mpunga, vumbi likaingia kila mahali. Kifua kikabana. Jenereta ikazima, mashine ikafa katikati ya dawa. Nilikaa wima kitandani, nikihesabu pumzi, mpaka kikalegea.

Achieng alinisikia kutoka ndani. Akaja akijishikilia ukuta. "Mama, please, rudi nyumbani. Ukianguka hapa nitakuinua na nini, na hii tumbo?" Tukalia sote wawili. Mtoto naye akajiunga. Dereva aliyenileta atanifuata kesho mchana. Sitaki kwenda.

Naandika na hili, ambalo sitamwambia mtu. Kando ya jenereta kuna nyayo za gambuti, viatu vya mpira vya shambani. Za Ouma, mkwe wangu. Mimi na yeye hatushikani mkono, hatuli meza moja. Hiyo ni heshima, sina neno. Lakini labda amenichoka. Siku kumi na mbili za mama mkwe uani ni nyingi kwa mwanaume yeyote. Labda anaiharibu makusudi. Nina hasira. Nina aibu kuwa na hasira.

Jumamosi, 6 Septemba
Kulipopambazuka nilifungua pazia. Ouma huyo, suruali imekunjwa, anamimina mafuta kwenye tangi langu. Polepole, ili dumu lisigonge chuma. Nikakohoa, kikohozi cha kubisha hodi. Akaganda.

"Mama, ni mimi. Nilikuwa naongeza kidogo kila siku, isikuishie. Niliona si vizuri niulize mama kama mafuta yake imeisha."

Mafuta gani? Ya pampu ya shamba la mpunga. Dumu lilikuwa stoo tangu msimu uliopita. Nikamwambia amimine kidogo kwenye bakuli jeupe. Rangi ya chai isiyo na maziwa, kutu, na makapi ya mpunga yanaelea. Heshima yake ndiyo iliyokuwa inaziba kabureta. Na mimi, fundi wa maabara, sikuwahi hata kunusa tangi. Mganga hajigangi.

Tumeitengeneza pamoja. Mlango wa sanduku la jenereta, nyuma ya gari, ulisimama wazi katikati yetu, yeye upande wake, mimi wangu. Akamwaga tangi lote. Mimi nazibua vitundu, nampitishia kabureta chini ya mlango, anapuliza kwa pampu ya baiskeli, anarudisha. Uso wake sikuuona. Niliona mikono tu.

"Mama atabaki?" akauliza nyuma ya mlango.

Nikamwambia apitishe bisibisi.

Petroli safi, nikavuta kamba mara mbili, ikawaka. Sauti moja, iliyonyooka. Nimempigia dereva asije.

Jumatatu, 8 Septemba
Saa kumi na mbili na nusu. Kijiti. Jenereta inaendelea vizuri, kifua pia. Achieng ametembea mpaka kwenye gari bila kushika ukuta.

Ouma amenunua dumu jipya. Mdomoni amelifunga kitambaa cheupe cha kuchujia. Hakuniletea mlangoni. Ameliweka kule nyuma, kando ya jenereta, akaenda shambani.

Dumu langu lina mafuta ya kutosha kujaza tangi mpaka juu. Nimejaza robo tatu. Robo iliyobaki nimemwachia Ouma aongeze.